Tepu ya Sista Sawasawa

"Nyoosha mikono, Sista," Fundi alisema.

Sista akanyoosha mikono, uso ameuelekeza barabarani ili asipitwe na salamu ya mtu. Fundi akapita nyuma yake, akamzungushia tepu kiunoni. Haikuwa tepu yake. Tepu yake ya manjano ilikuwa imejikunja ndani ya droo ya cherehani. Hii ilikuwa nyeupe, imelainika kama leso ya zamani, na namba zake zimefifia kwa kuoshwa. Ijumaa iliyopita ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari wa kliniki. Lakini nani huichunguza tepu iliyo mgongoni mwake?

"Themanini na sita na nusu," Fundi alisoma, akaandika.

"Themanini na sita!" Sista akapiga makofi. "Ehe! Nikamwambie yule mwanamume nyumbani anayeniita tangi. Hebu rudia nisikie vizuri."

"Themanini na sita na nusu."

"Sawasawa!"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake, na ndilo lililompa jina. Kwa miaka kumi na moja alikuwa muuguzi mkuu wa kliniki ya watoto, na kila alipomshusha mtoto kwenye mizani au kumtoa tepu kichwani alisema "Sawasawa!" kwa sauti ya kumfurahisha mama, mpaka watu wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Jicho la Fundi, lililopima viuno kwa miaka ishirini, lilimwambia tisini na mbili. Hakubishana na tepu. Akapima kifua, akapima nyonga, akapima mkono wa juu, na kila namba ya uongo aliiandika kwa mwandiko mzuri.

"Liwe jeupe hasa," Sista alisema. "Ijumaa saa sita mchana wakubwa wa afya wanakuja kunipa cheti. Kliniki safi kuliko zote, Fundi! Sakafu yangu mtu anaweza kuilamba. Sasa nisimame mbele yao na gauni lililochoka?"

"Litakukaa," Fundi alisema.

"Na Bi Kofia wangu, hajambo?"

"Kesho tunampeleka kwa daktari wa upasuaji."

"Mungu yupo." Sista akashusha mikono. "Maji ya kichwa huja ghafla, Fundi, usijilaumu. Mimi nilimpima kila mwezi kwa mkono wangu huu, kadi ni shahidi. Ni ile homa ya mwezi wa nne iliyoleta haya yote."

Fundi alikuwa na pini tatu kati ya midomo, na hizo ndizo zilizomzuia kusema.

Siku binti yake alipozaliwa, alimpima kichwa kwa tepu yake ya manjano: thelathini na tano. Jioni ile akakata kofia nne za kitambaa laini. Moja ilikuwa ya kuzaliwa, ya pili ya mwezi wa pili, ya tatu ya mwezi wa nne, ya nne ya mwezi wa sita. Majirani wakacheka, wakamwita mtoto Bi Kofia. Mwezi wa pili ulipofika, kofia ya mwezi wa nne haikuingia. Fundi akaichukua kofia na mtoto, akaenda kliniki. Sista akamzungushia mtoto tepu, akaandika kwenye kadi, kisha akaiinua ile kofia juu mbele ya akina mama waliojaa benchini.

"Fundi," akasema, "wewe pima suruali. Watoto niachie mimi."

Akina mama wakacheka mpaka mtoto mmoja akaamka na kulia. Fundi naye akacheka. Kila alipoikumbuka siku ile, kicheko chake mwenyewe ndicho kilichomchoma.

Mwezi wa sita macho ya mtoto yalianza kuelekea chini, kama ya mtu anayetafuta kitu alichoangusha, na maziwa yakawa hayakai tumboni. Sista alipokuwa akiandika barua ya kuwapeleka hospitali kuu, Fundi alikaa akiitazama tepu ukutani. Ilikuwa inachuruzika maji. Kwenye ncha yake ya chini kulikuwa na kufuli zito lililofungwa ili isijikunje.

"Naiosha kila siku kwa maji ya moto na sabuni," Sista alikuwa akiwaambia akina mama kwa fahari. "Sitaki vijidudu vya huyu vihamie kwa yule."

Fundi alihisi ngozi ikimsisimka. Uzi wa pamba, ukauchemsha, ukautundikia chuma! Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza asingefanya hivyo. Sista alipokwenda kutafuta muhuri, tepu ikaingia mfukoni mwa Fundi. Nyumbani akailaza kando ya rula ya chuma. Tepu iliposema arobaini, chuma kilisema arobaini na mbili na nusu.

Akapiga magoti pale pale, kati ya vipande vya vitambaa. "Mungu wangu," akasema, "sikuombi umhukumu. Mtie mkononi mwangu tu. Kuhukumu nitahukumu mwenyewe."

Jumatatu Sista akaja kwa miguu yake, na kitambaa cheupe chini ya kwapa. Fundi akaona amejibiwa.

Mpango ulikuwa rahisi. Angelikata gauni kwa namba za tepu ya Sista. Fundi mwenye huruma huacha akiba ndani ya mshono, upana wa vidole viwili, ili mteja akinenepa gauni lipanuliwe. Yeye asingeacha hata upana wa ukucha. Angelipeleka Ijumaa, saa moja kabla ya wakubwa kufika. Na Sista akianza kufoka mbele yao, angetoa tepu hiyo na ile yake ya manjano, ampime kiuno kwa kila moja hadharani, kisha awaombe wakubwa waseme ni ipi iliyompima mwanawe. Tangu akina mama wamcheke, hakuwa amelala usingizi mtamu kama ule wa Jumatatu.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliweka picha ya kichwa cha mtoto kwenye mwanga, akawaonyesha pale maji yalipojaa.

"Maji haya kila mtu anayo," alisema. "Yanatengenezwa humu ndani na yanatoka kila siku. Ya mtoto wenu yanatengenezwa ila hayatoki. Kuna kijia chembamba hapa katikati, kimeziba. Tuna njia tatu za kumsaidia, na hakuna hata moja isiyo na lawama."

Mke wa Fundi alimpakata mtoto vizuri. "Tuambie zote, daktari. Na lawama zake."

Daktari akachora. "Ya kwanza ni mrija. Unaanzia kichwani, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, unashuka shingoni na kifuani, unamwaga maji tumboni, mwili unayanyonya. Hapa kuna vali, mlango mdogo unaofunguka maji yakizidi. Vali ya kawaida ina kipimo kimoja, kimewekwa kiwandani. Ni imara, na tunazo."

"Na kipimo hicho kisipomfaa?"

"Swali zuri, mama. Yakitoka mengi mno ni shida, yakitoka machache ni shida. Ndiyo maana kuna njia ya pili, mrija huohuo wenye vali ya kurekebishwa. Tunaigeuza kwa sumaku juu ya ngozi, bila kisu. Ila hapa hatuna kifaa chake. Kila mara mtasafiri mbali, na mrija wenyewe huziba vilevile."

"Kumbe huziba!"

"Huziba, na huweza kuingia vijidudu. Wengi hurudi kupasuliwa. Ukiziba, muwe hapa siku hiyohiyo."

Mume na mke wakatazamana. Kutoka kwao hadi hospitali ilikuwa magari mawili, na mvua ikinyesha barabara yao hugeuka uji.

"Ya tatu ni tundu. Naingia na kamera nyembamba kama penseli, natoboa kitundu ndani ili maji yapate njia nyingine, na nachoma kidogo sehemu inayoyatengeneza. Hakuna kitu kinachobaki mwilini. Likishika, limeshika. Lakini kwa mtoto mdogo hivi linaweza kujifunga, hasa kama humo ndani kuna makovu ya homa. Hapo tutakuwa tumempasua bure, na mrija bado unamsubiri."

"Sasa wake ni upi?" Fundi akauliza.

"Hilo naiuliza kadi." Daktari akaigonga kadi kwa kalamu. "Picha inasema kumeziba. Haisemi tangu lini. Kadi inasema kichwa kilikuwa sawa kabla ya homa na hata baada yake kidogo. Nikiiamini, haya ni makovu ya homa, naweka mrija. Kama kichwa kilianza kukimbia tangu mwezi wa kwanza, basi huenda amezaliwa na kijia chembamba, na tundu lina nafasi nzuri zaidi."

"Kadi inadanganya."

Fundi akaitoa tepu, akaeleza yote, kufuli na maji ya moto. Daktari akaipima kwa rula yake, mwanzo hadi mwisho.

"Hii ndiyo iliyompima miezi yote?"

"Ndiyo."

"Na mwezi wa kwanza ilikuwa tayari imevutika hivi?"

"Hilo sijui," Fundi alisema.

"Unaona? Siwezi kuchagua pa kuingilia kichwani mwa mtoto kwa neno la tepu nisiyojua imetoka wapi. Aliyempima ndiye aniambie. Aniandikie kwa mkono wake. Orodha ya upasuaji wa Jumatatu naifunga Ijumaa saa sita."

Ndani ya gari la kurudi, walipofika kituo cha tatu, mke wake akauliza.

"Uliiiba lini?"

"Siku ya barua."

"Kamwombe aandike."

"Nimwombe yule? Nikimwonyesha leo ataichoma moto, na Ijumaa atapigiwa makofi."

"Apigiwe hata ngoma! Mimi nataka kichwa cha mwanangu."

"Sitaenda kumpigia magoti."

Mke wake akageuka akamtazama vizuri. "Kisasi chako kina miguu, baba. Kinatembea, kinakimbia. Mwanao hata kukaa hawezi."

Jumatano hakwenda. Alikata, akaunga, akapiga pasi. Alhamisi asubuhi alijaribu kusali, lakini kila alipofika kumtaja mtoto, kinywa kilimtaja Sista. Akaacha sala katikati, akaketi kwenye cherehani akitia zipu. Alikuwa hajamaliza kukata nyuzi pale kivuli kilipoingia mlangoni.

"Nimeshindwa kungoja Ijumaa," Sista alisema. "Lete nijaribu, Fundi wangu."

Akaingia nyuma ya pazia. Kukasikika kuvuta pumzi, kisha kuguna, kisha kicheko.

"Fundi! Njoo uone maajabu!" Akatokea, gauni limemkaba, zipu imesimama katikati ya mgongo. "Wiki hii dunia nzima imenenepa. Tepu yangu imepotea kliniki, nikanunua mpya. Basi! Kila mtoto kichwa kimeongezeka sentimita mbili kwa wiki moja. Nimemrudishia mwenye duka, nikamwambia asiniuzie vitu feki mimi."

"Haikuwa feki," Fundi alisema.

Alikuwa ameyapanga maneno mengi. Yote yakampotea. Akailaza tepu nyeupe mezani, na rula ya chuma kando yake.

Sista akaitambua kwa alama ya wino aliyoichora mwenyewe kwenye ncha. Akainama, zipu ikalia. Akalinganisha chanzo na chanzo, akafuata kwa kidole. Kwenye arobaini kidole kikasimama. Akaigeuza tepu, akaanza upande wa pili.

"Umeifanya nini?"

"Mimi? Umeiosha wewe. Ukaitundika na kufuli kama nyama buchani." Sauti ya Fundi ilikuwa ikitetemeka kwa raha. "Haya, sema. Nataka kulisikia."

"Kusema nini?"

"Sawasawa. Sema sawasawa, Sista."

Sista alipeleka mkono mgongoni, akajaribu kuivuta zipu. "Panua kiuno, niende zangu."

"Hakuna cha kupanua."

Akalipekua gauni ubavuni, akaona mshono umekatwa mpaka kwenye uzi. Alikuwa mteja wa miaka mingi, alijua maana yake.

"Ulikusudia."

"Nilikusudia."

Sista akaketi kwenye kigoda cha wateja, na meno ya zipu yakaachia yote kwa mpigo. Hakujali. Alikuwa anahesabu kitu midomoni.

"Mia moja na kumi na wanne," alisema, si kwa Fundi. "Waliomo kwenye rejista sasa hivi. Wote kwa tepu hii." Kisha akainua macho. "Na wewe? Miezi mitano yote. Tepu ilikuwa shingoni mwako."

Mkono wa Fundi ulikwenda shingoni wenyewe. Nje mtu alimwita Sista kwa furaha, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane Sista hakuitikia.

"Daktari anataka uandike," Fundi alisema hatimaye. "Ulianza lini kuitumia, uliioshaje. Kabla ya kesho saa sita."

"Nikiandika, cheti hakuna."

"Najua."

"Na kazi huenda hakuna."

"Najua."

Uso huu ndio aliouombea kwa magoti. Sasa aliutazama bila haraka, mikunjo yake yote, na shingo iliyochoka, na gauni jeupe lililoachama mgongoni. Aliutazama kama mwenye njaa aliyeketi mbele ya sinia. Njaa ikabaki palepale.

"Nipe kalamu," Sista alisema.

Akaandika akiwa amekaa vilevile: kwamba tepu ile ilikuwa na miaka mitatu ukutani, kwamba mtoto alipozaliwa ilikuwa imeshaoshwa mara zisizo na idadi, kwamba hakutumia nyingine. Fundi alisimama juu ya bega lake.

"Andika na ile ya suruali."

"Suruali ipi?"

"Ulivyoniambia. Mbele ya watu."

Sista akamtazama, akitafuta kichwani kwa bidii, kwa moyo safi kabisa. "Nilikuambia nini kuhusu suruali, Fundi?"

"Basi," Fundi alisema. "Endelea."

Siku ya pili viti vya wageni vilipangwa mbele ya kliniki, vikafutwa vumbi, vikakaa. Waliopita walisema wakubwa walikuja, wakatazama saa zao, wakaondoka. Sista alikuwa amepanda gari la kwanza la alfajiri, na karatasi na tepu ndani ya mkoba. Daktari alikaa naye chumbani, wakaisahihisha kadi mwezi baada ya mwezi. Mwezi wa kwanza palipoandikwa thelathini na sita, wakaandika thelathini na nane na robo. Saa tano na nusu simu ya Fundi ikalia.

"Tutajaribu tundu," Daktari alisema. "Kujaribu, umenisikia? Sijasema zaidi ya hapo."

Jumatatu asubuhi wodi ilinukia dawa ya sakafu. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama kijana na mtoto wa miezi mitatu, wameletwa Jumamosi.

"Sista alitugongea mwenyewe hata hatujanawa uso," alimsimulia mke wa Fundi. "Kamsimamisha mume wangu na mswaki mdomoni. Anasema tuanze upya, tupime upya. Tukadhani amerukwa na akili. Huyu ni wa pili kumpata, na anasema bado nyumba themanini."

"Na kazini kwake wanasemaje?"

"Wamemwita afike Alhamisi hii. Ndiyo maana anakimbia hivi."

Sista akaingia wakati huohuo, na beseni la yule mama kijana mkononi, amevaa sare yake ya zamani iliyochoka. Mke wa Fundi akamsalimia. Fundi alikuwa amemwinamia mtoto.

Daktari alikuwa amesema kichwa kipimwe kabla ya kuingia, kisha siku kwa siku baada ya kutoka. Wauguzi walikuwa wameshapima, wameshaandika. Fundi alitaka kipimo chake mwenyewe, na tangu Alhamisi hakuweza kuzungusha tepu yoyote, hata ile ya manjano, bila kuitilia shaka. Akatoa mfukoni kigurudumu cha uzi mgumu, ule wa kushonea vifungo vya makoti. Akauzungusha juu ya nyusi, juu ya masikio, nyuma pale kichwa kilipochomoza zaidi. Mtoto akamtazama kwa macho yale ya kuelekea chini. Ncha mbili zikakutana kwenye paji la uso. Lakini mkono mmoja ulikuwa umeshika kichwa, na fundo likateleza. Likateleza tena. Mikono ya mke wake ilikuwa imejaa mtoto.

"Kidole," Fundi alisema bila kuinua uso.

Kidole kikaja, kinene, chenye kucha iliyokatwa hadi kwenye nyama, kikabana pale nyuzi zilipopishana. Alikitambua. Akavuta. Akavuta zaidi ya ilivyohitajika, mpaka uzi ukazama kwenye nyama na ncha ya kidole ikawa nyeupe. Kidole hakikuondoka.

"Usipime pamoja nacho," Sista alisema taratibu. "Kitakuongezea."

Fundi akakitazama kidole kile cheupe. Kisha akalegeza. Kidole kikatoka, uzi ukalala kwenye ngozi ya mtoto, na fundo likashika. Magurudumu ya kitanda cha upasuaji yalikuwa yameshaanza kusikika kwenye korido. Akauvua uzi kwa uangalifu, akayakata masalia kwa meno, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Ukawa duara jembamba lisilotulia, na ndani yake kipande cha ukuta wa ng'ambo, na anga kidogo.